Vidole Vinne Chini ya Goti

Mama mkwe wangu aliletwa Kisumu kwa pickup ya samaki, amelazwa kati ya masanduku ya barafu, tumbo limefura na midomo imekauka. Wanawake wawili wa kwao, upande wa Luanda Kotieno, walimshusha hospitalini, wakanikabidhi leso zake na kikombe chake cha bati, wakapanda pickup ile ile kurudi kwa kuwa hapakuwa na gari jingine siku hiyo. Utumbo ulikuwa umejisokota, daktari akasema, na jioni hiyo hiyo wakampasua.

Ningependa kusema nilibaki naye kwa moyo mwema, lakini ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine. Mke wangu alikuwa amejifungua juzijuzi tu, mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa bado anatembea ndani ya nyumba yetu ya Kaloleni kwa kushika ukuta. Dada yake, mtoto mwingine pekee wa mama yao mjane, alikuwa ameolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Mbita. Tulimtumia ujumbe. Ndiyo miaka ile gugumaji lilikuwa limevamia ziwa, majani mabichi yenye ua zuri la zambarau, na kuna siku lilijaa ufuoni hata feri ikashindwa kufika. Ujumbe ulivuka, mtu hakuvuka. Kila jioni nilikwenda kituo cha magari kuuliza waliotoka huko, nao wakanijibu kwamba feri imekaa, majani yamefunga. Nililichukia lile ua jinsi mtu anavyomchukia jirani mbaya.

Kwa ambaye hakulelewa kando ya ziwa letu, inabidi nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Humpi mkono. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Mkikutana njiani mmoja anapisha kabisa, na maneno yakiwepo hupitia kwa mke. Mimi nilikuwa mwalimu, nina tai mbili na redio, na katika chumba cha walimu niliyacheka mambo haya kuliko mtu yeyote. Nilisema ni ya wazee, yatakufa nao. Sikujua yamekaa wapi katika mwili wangu mpaka niliposimama kando ya kile kitanda.

Hospitali haikuruhusu mwanamume kukaa wodi ya wanawake zaidi ya saa za kuona wagonjwa. Nilikwenda kumwomba msimamizi wa wauguzi. Nilimweleza habari ya mtoto mchanga, ya feri, ya majani, naye akanihurumia, akanipa ruhusa ya kukaa mchana kutwa. Nilirudi wodini nikijiona shujaa. Nikavuta kibao, nikaketi karibu na miguu ya kitanda, uso nimeuelekeza dirishani, na hapo ndipo nilipokaa.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana kutoka upande wa mlimani, mtu wa haraka, hajui mila zetu wala hana haja nazo. Siku ya pili alimbonyeza mama tumbo, akaweka kipimo chake cha kusikilizia, akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Amejamba?"

Wodi nzima iligeuka kututazama. Ninaapa hata watoto waligeuka. Mama aligeuza uso ukutani, polepole, pamoja na ule mpira wa puani uliokuwa ukitoa maji ya kijani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilimjibu kwamba sijui, na ni kweli sikujua, lakini hata ningejua, mdomo ungenigomea. Daktari akaeleza, kwa sauti ya kutosha watu wote, kwamba baada ya kupasuliwa matumbo hulala, na dalili ya kwanza ya kuamka ni hewa kutoka. Mpaka itoke, mgonjwa hapewi hata maji. Isipotoka, tumbo linaendelea kujaa. Akaandika kitu, akaenda kitanda kingine, akatuachia neno lile likielea juu yetu.

Baadaye alikuja daktari wa viungo. Mwenyewe alipenda kusema yeye si daktari, lakini sisi tulimwita hivyo. Alikuwa amesomea China kwa ufadhili, amerudi na mambo mengi ambayo wenzake waliyaona ya ajabu kidogo. Alifunga miguu ya mama bendeji zinazovutika, kuanzia vidoleni hadi juu ya magoti, zikibana zaidi chini na kulegea kadiri zinavyopanda. Alisema mtu akilala sana damu huganda miguuni, halafu kipande kikapanda kifuani kikamaliza kazi. Lazima bendeji zifunguliwe na kufungwa upya asubuhi na jioni. Halafu akasema kuna mahali mguuni ambapo ukipabonyeza vizuri, matumbo yanaamka.

Mama alikuwa amesinzia kwa dawa. Ndiyo maana akanionyesha kwenye mguu wangu. Alinipandisha suruali pale pale juu ya kibao, akaweka vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, akasogea kidogo upande wa nje wa mfupa wa muundi, akazamisha kidole gumba. Niliruka. Palikuwa na kibonde ambacho nilikuwa nimeishi nacho maisha yangu yote bila kukijua, na maumivu yake yalikuwa mazito, ya kushuka hadi unyayoni. Hapo, akasema. Zungusha kidole, usiteleze juu ya ngozi, sukuma nyama iliyo chini. Mguu mmoja, kisha wa pili, mara nyingi kwa siku. Nikamwuliza mara mbili, tatu, mpaka nikaweza kupapata nikiwa nimefumba macho. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amefumbua macho, anatazama goti langu lililo wazi. Nikateremsha suruali upesi.

Kesho yake daktari wa viungo alikuwa na zamu kule Sondu, na kesho kutwa pia. Aliniambia nimfanyie mama. Nilimwitikia kwa kichwa, na akaondoka akiamini jambo limekwisha.

Nilijaribu, nisidanganye. Ilipofika saa ya bendeji kubadilishwa nilisimama miguuni pa kitanda, nikamwambia mama taratibu, bila kumtazama usoni, kwamba daktari amenifundisha, kwamba haitachukua muda, kwamba nitafumba macho. Nilinyoosha mkono mpaka ukafika kwenye shuka. Yeye ambaye hakuwa na nguvu za kuinua kikombe aliivuta miguu yake, yote miwili, na nikaona uso ukimkunjamana kwa uchungu wa mshono. Alisema kwa Kiluo, kwa heshima zake zote, "Baba, kufa nitakufa. Hilo usinipe."

Nikaurudisha mkono. Sikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na mkono wenyewe, kwa sababu ulifurahi kurudi.

Basi nikaanza kutafuta mikono ya watu. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi ambayo vitanda vingine vililala watu wawili wawili. Mmoja alimfunga mama bendeji vizuri, akabonyeza ule mguu kidogo huku anaitwa upande mwingine, akaenda na hakurudi mpaka zamu ikabadilika. Nikawaita wanawake wa kanisa. Walikuja wengi, wamevaa vitambaa vyao vyeupe, nikawaonyesha mahali penyewe kwenye mguu wangu, wakasema wameelewa. Kisha wakazunguka kitanda wakaanza kuomba. Waliweka mikono juu ya tumbo, juu ya kichwa, juu ya chuma cha kitanda. Mguu hakuna aliyeugusa. Sauti zilipopanda muuguzi akaja akawatoa wote, na kiongozi wao akaniambia mlangoni nisiwe na wasiwasi, jambo limeshughulikiwa.

Tumbo lilikuwa limesimama chini ya shuka. Mama hakulalamika. Alikuwa anatazama ukuta.

Nilikumbuka maneno ya daktari wa viungo kwamba stoo kuna mashine ya kubana miguu, msaada kutoka ng'ambo: mifuko miwili mirefu ya kuvalishwa miguuni na pampu ya umeme ya kuijaza hewa na kuilegeza. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika, ndipo ikatupwa kando. Aliporudi kutoka Sondu nilimwomba karibu nimshike miguu. Mashine haina ukoo. Mashine si mkwe wa mtu. Hata kama ni ya damu tu na si ya matumbo, nilitaka kitu chochote kimguse kwa niaba yangu. Alicheka, akanipa mfuko uliochanika, nikaupeleka kwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Kibuye. Fundi aliugeuza geuza akauliza ni wa baiskeli gani. Aliukwaruza kwa msasa, akapaka gundi ya tyubu, akabandika viraka, akautumbukiza kwenye karai la maji kutafuta mapovu. Hayakutoka. Nilirudi hospitalini karibu ninakimbia, mfuko umening'inia begani.

Muuguzi alimvalisha mama mimi nikiwa kule nje ya mlango. Wakaniita. Pampu ikaguruma, mifuko ikajaa, ikabana, ikatoa pumzi ndefu, ikalegea. Wagonjwa walioweza kusimama walisimama kutazama. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe nilivuta pumzi mpaka chini. Nilifikiri, sasa kuna mtu anayemkanda mama. Nikaketi juu ya kibao changu nikaisikiliza ile mashine, na labda nilitabasamu.

Chai ya jioni haijafika, stima zikapotea, taa na pampu vikazima. Mifuko ilibaki imelegea miguuni mwake. Tuliambiwa zitarudi sasa hivi. Ziliporudi zilikuja na nguvu zisizo zake, pampu ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Daktari wa viungo aliibeba kuirudisha stoo, na mimi nilishika mlango apite.

Asubuhi iliyofuata daktari wa upasuaji alibonyeza tena, akasikiliza tena. Hakuuliza swali lake. Alinitoa hadi ukumbini, akasema kama hakuna hewa mpaka atakapozunguka wodi kesho, atalazimika kumfungua tena. Nikamwuliza kama mama atahimili. Aliangalia saa yake, akasema ni mtu mzima, amekauka, hawezi kuniahidi kitu. Aliniambia niiandae familia. Nilimwambia familia ni mimi.

Nikarudi kwenye kibao. Nilikuwa nimeishiwa. Mikono yangu ilitaka kufanya kitu, na kwa kuwa hapakuwa na kitu, nilipandisha suruali kidogo nikaanza kubonyeza mguu wangu mwenyewe. Vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, zungusha. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Huenda niliona kwamba nikibonyeza kwa bidii ya kutosha, kitu kitavuka kutoka kwangu hadi kwake. Nilibonyeza mpaka pakawa pekundu. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, kisha akatazama ukuta.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Maragoli, muuza mboga, aliyeletwa jana yake na mkono uliovunjika, umefungwa plasta hadi begani. Alikuwa amenitazama tangu asubuhi kwa jicho la mtu anayemeza maneno. Mchana, nilipokwenda kumwaga maji ya beseni, alinifuata hadi mlangoni.

"Baba, usikasirike," alisema. "Wewe ni mtu mzuri, lakini ni wewe unaua huyu mama."

Nilimwuliza anasema nini.

"Hewa iko. Mimi nalala hapo, nasikia tumbo yake inalia. Ukienda choo, anaanza kulegea kidogo. Akisikia viatu yako, anafunga kila kitu. Anashika shuka hivi, na jasho inamtoka. Usiku dawa inamlaza yeye na tumbo yake. Atafanya hiyo kitu aje na mkwe amekaa kwa miguu yake, kutoka asubuhi mpaka jioni? Hata mimi si Mjaluo lakini naona."

Nilisimama pale na beseni mkononi. Niliona siku zote zile zikipita mbele yangu moja moja: ruhusa niliyoililia kwa msimamizi, kibao nilichovuta karibu, ushujaa wangu wote. Daktari alikuwa amesema matumbo yamelala. Yalikuwa yameamka, na yeye alikuwa ameyashikilia kwa nguvu zote zilizombakia, ili asinivunjie heshima. Na mimi nilikaa pale namlinda.

Nikamwuliza nifanye nini. Akaniambia atabonyeza yeye ule mguu, mkono mmoja unatosha, nimwonyeshe tu mahali. Nikaegemea ukuta wa ukumbi, nikapandisha suruali, nikamwonyesha. Alipabonyeza kwa kidole chake kigumu cha kufunga mboga mpaka nikauma meno, akasema ameshika. Kisha akaniambia niende, lakini niende kabisa, hata dirishani nisisimame, na nimuage mama kwa sauti ili ajue nimeenda. Nikarudi, nikasema nikitazama miguu ya kitanda kwamba mtoto nyumbani hana raha na mama yake ananiita, sitarudi leo. Niliona vidole vya mama mkwe juu ya shuka, kweli vilikuwa vimeishika.

Sikuenda nyumbani. Nilivuka barabara nikakaa mbele ya lango, penye wauza machungwa na mayai ya kuchemsha, nikakaa hapo mpaka giza likaingia na mlinzi akaanza kunitazama vibaya, ndipo nikaenda Kaloleni. Mke wangu aliuliza mama yuko vipi. Nikamwambia yuko vile vile. Sikuweza kumwambia lile la mama wa Maragoli.

Alfajiri nilikuwa langoni tena. Na hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa mwisho: hata ikitokea, nani ataniambia? Hakuna mwanamke wa kwetu, muuguzi au mfagiaji, atakayemtazama mwanamume machoni amwambie habari kama hiyo ya mama mkwe wake. Nilimwona daktari wa upasuaji akiingia na gari lake. Nilijua anakwenda kuzunguka wodi. Nilihesabu vitanda kichwani, sasa yuko wa kwanza, sasa wa pili. Nilitaka kukimbia nikamwulize, na miguu ikakataa, maana kuuliza ni kuingia, na kuingia ni kufunga kila kitu tena. Nikaketi juu ya jiwe, nikapandisha suruali. Muuza mayai aliniuliza kama mguu unanisumbua. Nikamwambia ndiyo.

Jua lilikuwa limepanda aliponijia yule muuguzi wa bendeji, anatoka zamu, koti mkononi. Alinipita. Akasimama. Akarudi hatua chache, akatazama machungwa ya mwuzaji kana kwamba anachagua.

"Mwalimu," alisema, "nyumbani kwako kuna unga wa wimbi?"

Nikamwambia upo.

"Mwambie mama mtoto apike uji. Mwepesi, bila maziwa. Atumie mwanamke alete."

Akaondoka bila kununua chungwa. Nilibaki nimekaa. Muuza mayai anasema nililia, mimi sikumbuki kulia, nakumbuka tu kwamba niliteremsha suruali, nikaelekea Kaloleni.

Uji ulipelekwa na jirani yetu, flaski chini ya leso. Sikuingia tena wodi ile. Dada wa mke wangu alifika majani yalipofunguka, akamkanda mama, akamfunga na kumfungua bendeji, akamsimamisha, akamtembeza, na mimi habari zote nilizipata nje ya lango kutoka kwa watu wengine. Siku ya kutoka nilitafuta gari, nikampa dereva maelekezo, nikasimama ng'ambo ya barabara. Lilipopita niliona leso yake tu. Mama wa Maragoli alikuwa ameruhusiwa siku moja kabla, sikumkuta. Nilimtafuta Kibuye mara nyingi kati ya wauza mboga, sikumwona.

Miaka ilipita, sijawahi kutaja jambo lile kwa mke wangu, na sikujua mama alimwambia nini, kama alimwambia. Tulikwenda kwao kila Desemba. Nilikaa sebuleni penye viti vya wageni, yeye alikaa jikoni kule nyuma, salamu zikapita kwa mke kwenda na kurudi kama inavyotakiwa. Aliimarika, akalima, akauza samaki wakavu. Mara nyingine nilimwona kwa mbali akivuka uwanja, anatembea sawasawa, nikaitazama miguu yake kisha nikatazama pembeni.

Desemba moja chakula kilikuwa tayari, mke wangu akaja na birika na beseni ninawe. Alikuwa na uso wa kutoelewa.

"Mama anauliza," alisema, "kama ule mguu wako ulipona."

"Mguu gani?" nikamwuliza.

"Mimi nitajuaje? Anasema ulikuwa na mguu, ulikuwa unaukanda sana."

Maji yalikuwa yanamiminika juu ya mikono yangu, nami sikuwa ninanawa. Kule jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, hakukuwa na sauti yoyote, hata ya sufuria. Nilijua amesimama anasikiliza. Kulikuwa na mambo mengi ya kumwambia na hakuna hata moja ambalo kinywa changu kingeweza kulibeba mpaka kule.

"Mwambie ulipona," nikasema. "Mwulize na wake."

Mke wangu alinitazama, akalichukua beseni, akaenda. Nilisikia akisema, kisha nikamsikia mama mkwe wangu akicheka. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka yote ile na sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikicheka. Nikafuta mikono, nikasubiri chakula.